Kahawa ya Haja Mbili

Siku ya mjadala wa bajeti, jengo la bunge pale Abdali, Amman, hujaa kuliko kituo cha mabasi siku ya kuamkia Idi. Mawaziri huja na wapambe wao, wapambe nao huja na wapambe wao, na wazee wa mikoani hutoka alfajiri ili tu wamsikie mbunge wao akitaja jina la kijiji chao mbele ya kamera. Shuruq Sabri alisukumwa tangu langoni mpaka ghorofa ya juu. Koti lake refu la rangi ya zeituni lilikuwa limepinda kola, na mtandio wake wa haradali umerudi nyuma hadi nywele zinachungulia. Hakukuwa na kiti wala ukuta wa kuegemea. Akaona mlango mdogo, akausukuma, akaingia.

"Dada, hapa haparuhusiwi."

Ndani ya kichumba cha vioo alikaa kijana mwenye sweta la buluu lililofumuka kiwikoni, hedfoni shingoni, na mbele yake meza iliyojaa vitufe. Kutoka pale aliona ukumbi mzima chini yake, na kila kitufe kilikuwa sauti ya mbunge mmoja.

"Na huko nje hapapumuliki," Shuruq akamjibu. "Chagua. Nikae hapa kimya, au nizimie mlangoni kwako uandikiwe barua ya kujieleza."

"Unajua kukaa kimya?"

"Kidogo."

"Basi kaa. Umeshawazidi wote walioko huko chini."

Akamsogezea kigoda. Jina lake Ghaith, fundi wa sauti, mtu wa mkataba wa mwaka hadi mwaka. Alikuwa na nyusi nene na tabasamu la mtu aliyelelewa na dada wengi. Shuruq alikaa kimya kwa muda ambao chai hupoa, kisha akashindwa.

"Unamwona yule mwenye bushti la kahawia? Ataanza kwa kuilaani bajeti. Ataiita aibu ya taifa. Halafu ataomba barabara. Halafu atapiga kura ya ndiyo."

"Wewe mpiga ramli?"

"Mimi mchambuzi wa bajeti, niko kamatini. Nawasomea waheshimiwa wasichopenda kusoma."

"Haya. Ikiwa hivyo, nakununulia mkate wa ufuta na yai."

Mwenye bushti akasimama. Akailaani bajeti mpaka mate yakamruka, akaiita aibu ya taifa, akaomba barabara mbili.

"Ulisema moja," Ghaith akanong'ona.

"Bei zimepanda."

Ghaith alicheka hadi akakaribia kubonyeza kitufe kisicho chake. Jioni ile wabunge wote walioilaani bajeti waliipitisha, kama ilivyo desturi yetu tangu enzi na enzi, na mkate ukanunuliwa.

"Kwa hiyo wewe ndiye mwenye nguvu kuliko wote mle," Shuruq alimwambia wakitembea kwenye mvua, mkate ukifuka moshi mkononi. "Unamzima yeyote."

"Yeyote, dakika zake zikiisha. Ila wapo wengine, ukiwazima tu, simu inalia."

"Na ikilia?"

"Nawasha," akasema, na wote wawili wakacheka. Wangekuwa na akili wasingecheka, lakini nani huwa na akili siku ya kwanza ya mapenzi?

Mwaka ukapita, nao wakapendana kama watu wanavyopendana Amman, kwa kuiba muda. Walikula kunafa, kile kitamutamu cha jibini na shira, wamesimama kandokando ya mlango wa duka, kwenye sinia moja, wakigombea jibini. Walikaa kwenye ngazi za mtaa wa Jabal Luweibdeh wakisikiliza gari la mitungi ya gesi likipita na wimbo wake wa kuudhi, na Ghaith akiigiza waheshimiwa mmoja mmoja hadi Shuruq akashika mbavu. Usipowaona pamoja, ujue wako kwenye simu.

"Uko wapi, roho yangu?"

"Ukurasa wa mia nne."

"Toka huko. Hayo macho yana kazi nyingine."

"Kazi gani?"

"Kunitazama mimi, jamani. Mimi sina kurasa nyingi, unanimaliza mara moja."

"Ndiyo shida. Nikikumaliza nitasoma nini?"

"Utarudia. Watu hurudia kitabu kizuri."

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Shuruq hakumwambia. Kila mara Ghaith alipomwuliza nini kinamnyima usingizi, jibu lilikuwa lile lile. "Mambo ya kamati hayatoki mpaka yasomwe kikaoni. Hata kwako."

"Hata nikikuoa?"

"Hasa ukinioa."

Jambo lenyewe lilikuwa na mkono wa mtu ndani yake. Khalti Fawziya, dada wa marehemu mama yake, aliishi Ain Zuhayr, mji mdogo huko kusini, na figo zake zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alipanda gari la wagonjwa wenzake gizani, akaja Amman kusafishwa damu, akarudi kwao hoi, mkono umefungwa bendeji. Sasa Ain Zuhayr ilikuwa na hospitali yake ya figo. Ilikuwamo kwenye bajeti mwaka juzi, mwaka jana, na mwaka huu tena, na kila mwaka fedha zilitoka zote. Shuruq alizisoma namba hizo kwa furaha mwanzoni. Kiangazi akamsindikiza khalti yake hadi kwao, akaomba apelekwe kuiona.

Aliona bango la mradi, na chini ya kivuli cha bango, kondoo wamelala. Hapakuwa na hata shimo la msingi.

"Wewe ulidhani nini?" Khalti Fawziya alimwuliza, akijifuta jasho kwa ncha ya shela. "Sisi tunalijua bango hili. Tunaliamkia tukipita."

Watu watatu katika lile gari la wagonjwa walikuwa wamekufa tangu bango lisimikwe. Shuruq hakuwajua majina, lakini aliona viti vyao, na tangu siku hiyo hakuweza kusoma namba yoyote bila kuviona. Kwa kanuni za kamati, mchambuzi hupewa dakika kumi kusema alichokiona katika kifungu chochote. Akaomba dakika zake. Nakala ya ombi ilikwenda kwa mwenyekiti, kama inavyotakiwa.

Mwenyekiti aliitwa Abu Dirgham.

* * *

Familia zilikuwa zimeshakubaliana. Mahari yamesemwa, pete imechaguliwa, hata rangi ya pazia imegombewa. Ilibaki jaha tu, ule ujumbe wa wazee wa upande wa mume unaokuja kuposa rasmi. Nao, kila mtu anajua, ni mchezo ambao mwisho wake umeandikwa. Mkubwa wa jaha humiminiwa kahawa, akaiweka mbele yake bila kuigusa, akasema haja yake. Upande wa mke humwambia kunywa kahawa yako, umepata. Anakunywa, wanawake wanapiga vigelegele, kunafa inaingia.

Ilisemwa kwamba mkubwa wa jaha atakuwa Haji Rizq, ami yake Ghaith, mwoka mikate, mtu mpole mwenye unga kwenye nyusi. Lakini baba yake Ghaith alikuwa na ugonjwa wa watu wengi wa mji huu. Aliona posa ya mwanawe itakuwa ndogo ikiongozwa na mwoka mikate. Akatafuta uso mkubwa, uso unaofungua milango, na uso ule ulipokubali upesi kupita alivyotarajia, alimshukuru Mungu badala ya kujiuliza kwa nini.

Asubuhi ya siku yenyewe Ghaith alipiga simu.

"Nina zawadi yako. Baba kapata mtu mkubwa. Sikwambii nani."

"Mtu mkubwa wa nini? Mimi nilimtaka Haji Rizq na unga wake."

"Utaona. Utajivuna miaka kumi."

Shuruq alikuwa amevaa thobu nyeusi ambayo Khalti Fawziya aliitarizi kwa nyuzi nyekundu kifuani, kidogo kidogo, akiwa amelala mashineni na mkono mmoja ukiwa huru. Wanawake walikuwa chumba cha ndani, mlango umeachwa upenyo. Ukumbini wanaume walijaa hadi viti vya kukodi vikatoka barazani. Soba, yale majiko ya gesi ya kupasha joto, zilinguruma. Shuruq akasogeza jicho kwenye upenyo, akamwona Abu Dirgham ameketi kiti cha katikati, bushti jeusi lenye ukingo wa dhahabu, ndevu zimechongwa, finjani mbele yake.

"Khalti," akasema, "ni yeye."

"Yeye nani?"

"Mwenye bango."

Abu Dirgham alisema vizuri, hilo tusimnyime. Alimtaja Mungu na Mtume, akasifu ukoo huu na ukoo ule, akaomba mkono wa binti yao Shuruq kwa kijana wao Ghaith. Ghaith alikaa pembeni na suti mpya ya kijivu, shingo imebanwa na tai, anang'aa kwa furaha.

Msemaji wa upande wa mke alikuwa Haji Munir, kaka mkubwa wa baba yake Shuruq, mzee apendaye kusemwa vizuri. Akajivuta, akajibu kama wanavyojibu wote:

"Kunyweni kahawa yenu, mheshimiwa. Mlichokijia mmepata, na lau mngeomba zaidi tungewapa."

Maneno hayo husemwa katika kila jaha. Ni pambo, kama shada kwenye gari la arusi, na hakuna mwenye adabu aliyewahi kuyashika. Abu Dirgham hakuigusa finjani.

"Kwa kuwa umesema mwenyewe, Haji," akasema taratibu, "hilo zaidi lipo."

Shingo ziligeuka hadi barazani.

"Binti yetu ni msomi, na tuko naye kazini. Jumatatu ameandaa maneno juu ya hospitali ya Ain Zuhayr. Mkandarasi wa pale ni ndugu yangu, tumbo moja. Kuanzia leo ndugu yangu ni ami yake. Na watu wa nyumba moja hawaanikiani nguo za ndani barabarani. Naomba maneno hayo yabaki humu. Mkinipa, nakunywa."

Baba yake Shuruq, Ustadh Sabri, alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia aliyeishi maisha yake yote bila kudaiwa na mtu. Rangi ilimtoka usoni. Kumnyima mkubwa wa jaha kahawa yake, ndani ya nyumba yako, mbele ya majirani, ni aibu ambayo wajukuu huirithi. Haji Munir alitokwa jasho, akafungua kinywa, na kila mtu alijua kinywa hicho kitasema nini.

Chumba cha ndani, Khalti Fawziya alimshika Shuruq mkono. "Mwanangu, niangalie. Usiniweke mimi kwenye mizani na ndoa yako. Mimi ni mtu wa kwenda. Olewa."

"Si wewe peke yako, khalti."

"Basi jua. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga."

Shuruq akaufungua mlango. Wanaume wakainua macho, wengine wakayashusha haraka, maana bibi arusi haingii kwenye jaha. Alipita katikati yao kwenye zulia, thobu ikiburuzika, akainama, akaichukua finjani iliyo mbele ya Abu Dirgham.

"Imepoa, mheshimiwa," akasema. "Kahawa ya haja mbili nyumbani kwetu haipikwi."

"Binti," Abu Dirgham akasema kwa upole, "kikombe hicho kikiondoka, posa imeondoka nacho."

"Najua."

Akamtazama Ghaith. Alihitaji neno moja tu, hata kikohozi. Angesimama tu, Mungu wangu, angesimama tu! Ghaith alimtazama baba yake, kisha akatazama zulia.

Shuruq akaimwaga kahawa kwenye sinki la jikoni. Finjani ikagonga bomba ikavunjika ukingo, na hapo akalia, kwa sauti, bila kujali nani anamsikia. Ukumbini viti vilikuwa vinaburuzwa. Sinia za kunafa zilibaki mezani zikiganda samli.

* * *

Siku mbili Ustadh Sabri hakusema na binti yake. Siku ya tatu alimkuta anakunywa chai peke yake, akavuta kiti.

"Nilikuwa natafuta neno, baba," akamwambia, akimwita vile wazee wetu wanavyowaita watoto wao, kwa jina la mzazi mwenyewe. "Miaka thelathini nimesimama mbele ya darasa, na siku ile nilikosa neno moja. Wewe ulilipata kabla yangu. Sikukasirika na wewe."

Simu ya Ghaith nayo ililia siku hizo zote. Siku hiyo Shuruq akaipokea.

"Umepiga hadi simu yangu imeshikwa na homa," akasema kavu.

"Yangu imelazwa. Shuruq, sikiliza. Sikujua."

"Ulisema nitajivuna miaka kumi."

"Nilijua ni mbunge. Sikujua ni mbunge gani kwako! Wewe hukuniambia kitu mwaka mzima. Ningejuaje? Nilidhani nakuletea heshima, kumbe naleta fisi zizini. Baba mwenyewe analia, anasema alidhani yule mtu ametukubali kwa sababu ya uzuri wa ukoo wetu."

Kweli Shuruq hakumwambia. Kanuni ilimkataza, lakini kanuni haikumkataza kumwamini alipokana.

"Na ulipotazama zulia?"

"Hapo kosa ni langu," Ghaith akajibu. "Niliogopa. Niliogopa kama mtoto. Nikuombe radhi kwa lugha gani?"

"Kwa sahlab. Moto. Na karanga juu."

Alicheka, na ule mcheko ulimwingia Shuruq kifuani ukakaa mahali pake pa zamani. Walikutana kwa muuza sahlab karibu na soko la dhahabu, baridi inachoma masikio, vikombe vya uji ule mtamu vimewapa joto viganjani. Ghaith alikuwa amekonda. Alimfuta Shuruq tone la maziwa mdomoni kwa kidole gumba, na mwenye mkokoteni akajidai kutazama kwingine.

"Jumatatu ikipita," Ghaith akasema, "nakuja na Haji Rizq tu. Yeye, mimi na mkate. Baba yako akitufukuza tutalala mlangoni."

"Atawafungulia. Anapenda mkate." Kisha akaacha kucheka. "Ghaith, Jumatatu nina dakika kumi. Kamati ikipitisha kifungu kile kimyakimya, bango linapata mwaka mwingine. Neno nililolisema kwenye kipaza sauti linaingia kwenye kumbukumbu za bunge, na likiingia mkaguzi hawezi kusema hakusikia. Lisipoingia, sikusema. Hutakiwi kuniokoa. Nataka dakika zangu tu."

"Dakika zako hakuna atakayezigusa. Kwa uhai wa mama yangu."

"Usimwapie mama."

"Nimeshaapa. Kunywa, inapoa."

Alirudi nyumbani usiku haujaingia, akiimba. Tusimcheke. Alikuwa na haki ya furaha ile.

* * *

Chumba cha kamati hakina fahari ya ukumbi mkubwa. Meza ndefu, biskuti, chupa za maji, wabunge wachache wanaotazama saa. Nyuma ya kioo, Ghaith na vitufe vyake. Shuruq alivaa lile koti la zeituni, nywele amezifunika vizuri, uso hauna rangi. Abu Dirgham alimkaribisha kwa adabu, akamwita "binti yetu", akampa nafasi. Taa nyekundu ya kipaza sauti ikawaka.

Akaanza. Alisema fedha zilitoka mwaka gani na mwaka gani. Alisema alikwenda mwenyewe. Mbunge mmoja aliacha kutafuna. Alisema kuhusu gari la wagonjwa linaloondoka gizani, na viti vyake.

Abu Dirgham hakumkatiza. Aliweka tu kalamu yake chini, akamtazama karani wake. Karani akainuka, akaenda kwenye kichumba cha kioo, akainama sikioni kwa Ghaith.

"Mheshimiwa anakusalimu. Anasema mkataba wako umefika mezani kwake, unangoja saini. Anasema pia wale wadogo zako wawili wa chuo kikuu, ruzuku yao anaifahamu. Hana neno baya. Anasema leo vyombo vinasumbua sana, si ndiyo?"

Ghaith alimtazama Shuruq kupitia kioo. Katika hedfoni sauti yake ilikuwa karibu kama alivyokuwa karibu naye pale kwa muuza sahlab, hata pumzi yake aliisikia. Alimpenda, wala sitaki mtu aniambie hakumpenda. Aliwaza wadogo zake. Aliwaza baba yake akilia. Aliwaza kwamba yeye si mtu wa kuijenga hospitali wala wa kuibomoa. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, na kidole kile kilikuwa kimezoea kazi yake kwa miaka.

Taa nyekundu ikazimika.

Shuruq aliona. Alisita pumzi moja, akatazama kwenye kioo, kisha akaendelea kusema kwa sauti ya koo lake mwenyewe, juu zaidi, huku viti vikianza kuburuzwa na soba ikinguruma.

"Hatukusikii, binti yetu," Abu Dirgham akasema kwa huruma. "Vyombo vibovu. Tutaomba fedha za kuvitengeneza. Tuendelee na kifungu."

"Sijamaliza. Bango liko pale na chini yake—"

"Wanaoafiki?"

Yule aliyeacha kutafuna alitazama biskuti yake. Kisha naye akanyoosha mkono.

* * *

Alimkuta Ghaith nje, kwenye lami, bila koti, mvua inamlowesha lile sweta la buluu.

"Wadogo zangu, Shuruq. Angewaharibia. Wewe humjui."

"Namjua vizuri."

"Nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Iangalie! Nitaipeleka sasa hivi. Tuondoke, twende Dubai, Doha, popote. Nitakuoa hata leo. Ilikuwa kidole tu, roho yangu. Sekunde moja. Kidole tu."

Shuruq alimtazama nyusi zile alizozipenda, maji yakimdondoka. Alitamani kumfunika. Moyo haukuwa umejifunza chochote, ulikuwa bado unamtaka, na hilo lilimuuma kupita kitufe.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ungenipungia mkono kwenye kioo, nikajua. Ningeinuka nikapiga kelele tangu mwanzo."

"Unisamehe."

"Nimekusamehe. Zulia nilikusamehe, na hili nimekusamehe. Lakini siwezi kulala maisha yangu yote kando ya mtu nikingoja simu yake ilie."

"Shuruq."

"Usiipeleke hiyo barua. Wadogo zako wamalize chuo. Angalau mtu mmoja apate kitu leo." Akamtengenezea kola ya sweta, kama mke, akaondoka bila kugeuka. Ghaith alisimama pale hadi askari wa lango akamwomba asizuie njia.

Hospitalini, Khalti Fawziya alikuwa ameshatolewa mashineni. Shuruq alimshika kwapani wakatembea polepole hadi kwenye gari la wagonjwa. Dereva alikuwa amewasha injini kwa ajili ya joto. Kiti kimoja zaidi kilikuwa kitupu siku hiyo, na hakuna aliyekitaja. Alimkalisha dirishani, akamfunga shela, akaketi kando yake, maana aliamua kumsindikiza hadi kwao.

"Umesema?" khalti akauliza, macho amefumba.

"Nimesema."

"Wamesikia?"

"Waliokuwa karibu wamesikia."

Gari liliacha mji, mvua ikapungua, na mbele barabara ya kusini ilikuwa nyeupe kwa ukungu.

"Na yule kijana wako?"

Shuruq aliuweka mkono wenye bendeji mapajani mwake, akaufunika kwa viganja vyake viwili.

"Yeye alisikia kuliko wote, khalti."